Mgonjwa asiyepona: tumpime vipi anayemtunza?

Huko Kasongo na Kabambare, jamaa wakiambiwa kwamba kansa imeshinda dawa, wanamrudisha mgonjwa nyumbani, mara nyingi juu ya pikipiki. Na hapo ndipo maumivu yanazidi.

Hospitali, parokia ao shirika linalosema linatunza wagonjwa hao lisipimwe kwa rangi ya jengo. Tuulize kwanza: muna morfini ya kunywa? Jirani Uganda, Hospice Africa iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993 inachanganya unga wa morfini na maji, mgonjwa anakunywa akiwa kwake. Si dawa ya bei kali. Tangu 2004 hata wauguzi waliofundishwa kazi hiyo wanaruhusiwa kuwaandikia wagonjwa.

Tena, nani atakuja usiku? Nani anamfundisha mke ao mtoto kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo? Bei inasemwa mapema, ao jamaa wataijua siku ya kilio?

Waganga wakuu wa zoni za afya za Kasongo na Kabambare, munapokagua vituo, ombeni muonyeshwe chupa ya morfini, na mutuambie kama iko.