Kabla Hujapakia Kitambulisho Kwenye Tovuti ya Bure

Fomu imekataa. Inataka PDF, na wewe una picha. Ama inataka faili isiyozidi MB 1, na picha yako ni MB 4. Muda wa kutuma maombi unayoyoma, kwa hivyo unaingia kwenye intaneti, unafungua tovuti ya kwanza inayobadilisha picha bila malipo, unapakia kitambulisho chako mbele na nyuma, unapakua faili mpya, unasonga mbele. Dakika mbili tu, kazi kwisha.

Wengi wetu tunaona hilo kama jambo dogo. Sisi tunaona tofauti. Kitambulisho, pasipoti, cheti cha PIN ya KRA na taarifa ya miamala yako havifai kupitia kwenye tovuti ambayo hujui ni ya nani.

Tuelewane kwanza: si tovuti zote ni mbaya. Ziko za aina mbili. Aina ya kwanza hufanya kazi ndani ya kivinjari chako, na picha haitoki kwenye simu. Squoosh, iliyotengenezwa na watu wa Google Chrome, ni mfano mmoja. Aina ya pili hutuma picha yako hadi kwenye seva ya mtu mwingine, inabadilishwa huko, kisha unarudishiwa. Kwa macho, zote mbili zinafanana. Aina ya pili ikikuambia "tunafuta faili baada ya saa moja", huna njia ya kuhakikisha. Na ile kufuli ndogo karibu na anwani inamaanisha tu kwamba njia ya kufika huko ni salama. Haisemi lolote kuhusu anayekungoja upande wa pili.

Hii si hofu ya kubuni. Machi 2025, ofisi ya FBI ya Denver, Marekani, ilionya umma kuhusu tovuti za bure za kubadilisha faili. Baadhi huficha programu hasidi ndani ya faili unayopakua. Nyingine huchakura faili uliyopakia kutafuta nambari za kitambulisho, maelezo ya benki na nywila.

Tunajua utauliza: "Sasa mimi wataniibia nini, na PIN yangu hawana?" Swali zuri. Mkora hahitaji PIN yako siku ya kwanza. Anahitaji umwamini. Fikiria simu inaingia, na anayepiga anataja majina yako matatu, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, na hata mtu uliyemtumia pesa wiki jana. Anasema anatoka huduma kwa wateja. Utamshuku? Hapo ndipo watu hutoa PIN kwa hiari yao. Maelezo hayo hayo yanaweza pia kutumiwa na mtu anayejaribu kubadilisha laini yako au kuomba mkopo kwa jina lako. PIN unaweza kuibadilisha leo jioni. Nambari ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa utakaa nazo maisha yote.

Habari njema ni kwamba mara nyingi huhitaji tovuti yoyote. Simu yako inatosha:

1. Kwa Android, fungua picha, chagua Print, kisha Save as PDF. Umemaliza.

2. Kwa iPhone, nenda Settings, Camera, Formats, uchague Most Compatible. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone huhifadhi picha kwa muundo wa HEIC, ambao fomu nyingi huukataa. Ukibadilisha hapo, picha mpya zitatoka JPG.

3. Picha ni kubwa? Jitumie kwenye WhatsApp kama picha ya kawaida, si kama dokumenti. Itapungua ukubwa, na maelezo yaliyofichwa ndani yake, kama mahali ilipopigwa, yataondolewa.

4. Ukilazimika kutumia tovuti, ifungue, kisha zima data na Wi-Fi kabla ya kuchagua picha. Ikibadilisha picha bila intaneti, kazi inafanyika ndani ya simu. Hifadhi faili, funga ukurasa, ndipo uwashe data. Ikigoma, ondoka. Jaribio hili si hakikisho la asilimia mia, lakini linachuja mengi.

Na taarifa ya miamala iliyofungwa kwa nambari ya siri, usiipeleke kwenye tovuti ya "kufungua PDF". Ilifungwa kwa sababu: ndani yake mna kila uliyemlipa, kiasi gani na lini.

Kama tayari umeshapakia, usipaniki. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, ripoti kwa kampuni ya laini hiyo. Na mtu yeyote akikupigia akiuliza PIN, hata akijua jina la nyanya yako, kata simu.

Lakini hatuwezi kumwachia mteja mzigo wote. Mtu hatafuti tovuti hizo kwa kupenda, anasukumwa na fomu. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yetu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka anayekusanya data achukue ile anayoihitaji tu na ailinde. Kwa maoni yetu, ulinzi huo unafaa kuanza pale fomu inapotengenezwa. Taasisi yoyote inayoomba kitambulisho cha Mkenya, kampuni za malipo zikiwemo, inafaa kuikubali picha jinsi ilivyotoka kwenye simu, na kuipunguza yenyewe. Kompyuta zao zinaweza. Na kama shirika limetumia data yako vibaya, una haki ya kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Hadi fomu zibadilike, tumia simu yako kwanza. Na kama una mzazi au mdogo wako anayeomba kazi au karo wiki hii, mwonyeshe hizo hatua nne kabla hajaenda saiba.