Tiba ya maafa iwe somo la lazima kwa kila daktari

Agosti 10, 2019, lori la mafuta liliwaka moto Msamvu, Morogoro, na watu zaidi ya 100 wakafariki dunia. Majeruhi walikimbizwa kwanza hospitali ya mkoa, na baadaye baadhi yao wakahamishiwa Muhimbili. Katesh nako, Desemba 2023, tope la Mlima Hanang liliposomba nyumba na watu, waliowapokea manusura walikuwa watumishi wa afya wa huko huko. Saa za kwanza za maafa huwa mikononi mwa wauguzi na madaktari waliopo zamu, na mara nyingi hao ni vijana. Ndiyo maana tiba ya maafa haifai kuachiwa mabingwa. Kila mwanafunzi wa udaktari aisome, na aifanyie mtihani wa vitendo kabla ya kuhitimu.

Chuoni, mwanafunzi hujifunza kumhudumia mgonjwa mmoja mmoja, na aliye mahututi apewe kila kilichopo. Majeruhi 60 wakifika kwa mkupuo, kanuni hiyo haifanyi kazi tena. Wenye majeraha madogo ndio hutangulia, wamepakiwa kwenye bodaboda na bajaji, na wasipoelekezwa pembeni hujaza vitanda kabla walioumia vibaya hawajafika. Katika utaratibu mmoja unaotumika sana, anayeweza kutembea hupewa kadi ya kijani. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au asiyeweza kutii agizo jepesi, hupewa nyekundu. Asiyepumua hata baada ya kufunguliwa njia ya hewa hupewa nyeusi, na daktari husogea kwa anayefuata. Yote hayo hufanyika ndani ya dakika moja kwa kila majeruhi. Kumpita mtu aliyepewa nyeusi huku ndugu zake wanalia na kukushika koti ni jambo zito mno, na ni ukatili kumwachia kijana alijifunze usiku ule ule wa ajali.

Wapo watakaosema mtaala umeshajaa. Lakini hatudai muhula mzima: mihadhara michache na zoezi la siku moja kila mwaka, pamoja na wauguzi, Zimamoto na Msalaba Mwekundu, vinatosha kuanzia. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waigize majeruhi. Kadi za rangi hazina gharama kubwa. Hoja nzito zaidi ni kwamba ujuzi hausaidii pasipo damu, dawa na magari ya wagonjwa. Vifaa vinahitajika, hilo halina ubishi. Ila chupa za damu zikiwa 4 na wanaozihitaji 10, anayejua kupanga ndiye atakayezifikisha panapookoa uhai. Muhimbili imekuwa ikiandaa mabingwa wa tiba ya dharura tangu 2010, kazi ya kujivunia, lakini hawawezi kuwepo kila wilaya.

Vyuo vikae na Baraza la Madaktari Tanganyika, wakubaliane sharti moja: ambaye hajawahi kushiriki zoezi la maafa asianze kazi ya udaktari tarajali.