Alovera isikae chini penye imbwa

Katika lupango nyingi za Kalemie tunapanda alovera. Banaume wakirudi kutoka mgodini ku Manono na michubuko, tunapakaa ute wake. Ni dawa nzuri, hatukatai. Lakini chini ya ngozi ya jani kuna maji ya manjano, machungu sana: imbwa akiyatafuna, anatapika na kuhara. Minyaa ya uzio nayo, maziwa yake yanaunguza jicho, liwe la imbwa ama la mtoto. Tuoshe mara moja kwa maji safi mengi. Baba akiwa mgodini, imbwa ndiye mulinzi wetu. Kung'oa dawa, hapana. Tuitundike alovera juu, na batoto wasivunje minyaa.