Mti wa Nyuma ya Nyumba Ukatwe na Fundi

Kuna neno moja ambalo husikika mara nyingi mbele ya meza ya ofisi ya kilimo: "Mti ni mali. Kwa nini nimlipe mtu ili aje kukata mali yangu? Yeye ndiye anilipe mimi." Neno hili lina akili ndani yake, na kwa miti iliyopandwa ili iuzwe ni neno la kweli. Mwenye nusu ekari ya mikaratusi iliyo mbali na nyumba, mbali na zizi na mbali na nyaya za umeme, asimlipe mtu yeyote. Amwite mnunuzi, wapatane bei ya kila mti, apokee pesa zake. Lakini mti ulio nyuma ya jiko si mti wa namna hiyo. Mimi naona kwamba desturi yetu ya kumpa mnunuzi mti kama huo, au kumpa kijana yeyote apitaye njiani na pawasoo begani, yafaa iachwe kabisa.

Kwanza tufikiri jinsi miti hii ilivyofika milangoni petu. Mkaratusi uliletwa Kenya katika mwaka wa 1902 ili utoe kuni za gari la moshi la Reli ya Uganda. Baadaye Wazungu wenye mashamba makubwa waliupanda, pamoja na saipresi, kwa mistari mirefu ya kuzuia upepo na kuonyesha mipaka. Mashamba yale yalipogawanywa katika mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka wa 1962, vigingi vya wapima ardhi havikufuata miti. Wazee wetu wengi wa Kinangop walijenga karibu na mistari ile kwa kusudi, maana upepo wa huku si mchezo. Wakati ule nafasi ilikuwako. Leo wana na wajukuu wamegawana ardhi, nyumba zimeongezeka, na mti uliokuwa hatua hamsini kutoka kwa mlango wa babu uko hatua nane kutoka kwa kitanda cha mjukuu. Mti nao haukukaa bure miaka hiyo yote. Mkaratusi ukipata ardhi nzuri waweza kupita futi 150. Saipresi, kwa upande wake, ilipata adui: vidukari walioonekana Kenya katika mwaka wa 1990 na kukausha miti mingi. Hata leo waweza kuona saipresi iliyo kijani upande mmoja na kahawia upande wa pili. Mti wa namna hiyo haufai kuwa jirani wa nyumba.

Basi ukatwe na nani? Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema mti ni mali. Mnunuzi hufanya kazi ya gogo. Anataka gogo lianguke bila kupasuka, mahali ambapo lori litafika, tena upesi, kwa sababu lori limekodiwa kwa siku. Hana ubaya, hiyo ndiyo biashara yake. Ikiwa njia iliyo rahisi kwake hupita karibu na paa lako, atajaribu bahati, na bahati hiyo ni yako, si yake. Fundi uliyemlipa wewe hufanya kazi ya nyumba. Gogo likipasuka, likakatika vipande vitano, yeye hajali, mradi mabati yako yamebaki mahali pake.

Katika skimu moja ya wilaya yetu, bwana mmoja alimuuzia mnunuzi saipresi tatu kwa bei iliyoonekana nzuri. Mbili ziliangushwa vema. Ya tatu ilikuwa imeinama upande wa zizi, nao wakafunga kamba moja nyembamba, wakawaambia vijana wanne waivute kuelekea upande mwingine. Mti ulipoanza kulia, kamba ilikatika. Vijana walinusurika kwa hatua mbili tu. Zizi lilivunjika, na ndani yake ng'ombe wa gredi mwenye mimba ya miezi saba alivunjika uti wa mgongo. Mnunuzi alipanda lori lake, na simu yake haikupatikana tena. Pesa za saipresi zote tatu hazikufika hata robo ya bei ya ng'ombe yule. Mwenyewe alikuja ofisini akitaka tumwandikie barua. Barua iliandikwa, lakini itumwe kwa anwani ipi?

Fundi wa kweli akifika hatii moto msumeno upesi. Huuzunguka mti mara mbili au tatu akiangalia juu. Hutazama matawi makavu yanayoning'inia, na upande ambao mti umeinamia. Hugonga shina kwa kisogo cha shoka na kusikiliza, kwa kuwa shina lililooza ndani hutoa sauti ya ngoma. Huuliza nyaya zinapita wapi, na shimo la choo liko wapi, hata lile la zamani lililofukiwa. Kama nafasi iko, mti huangushwa mzima. Upande wa kuangukia hukatwa mdomo, kina chake kama robo ya unene wa shina. Kisha msumeno huingia upande wa nyuma, juu kidogo ya mdomo ule, na hausafiri mpaka mwisho: huachwa ukanda usiokatwa, kama sehemu moja ya kumi ya unene wote. Ukanda huo ni kama bawaba ya mlango. Ndio unaouongoza mti kule unakotakiwa kwenda. Yule kijana anayekata moja kwa moja mpaka atokee upande wa pili amekata bawaba, na mti usio na bawaba huenda upendako. Kabla ya hayo yote fundi husafisha njia mbili za kukimbilia, nyuma na kando, wala hapana mtu anayeruhusiwa kusimama karibu kuliko urefu wa miti miwili.

Nafasi isipokuwako, mti hauangushwi hata kidogo. Fundi hupanda kwa mshipi na kamba, akaukata kuanzia kileleni, tawi kwa tawi na kipande kwa kipande, kila kipande kikiteremshwa kwa kamba iliyozungushwa shinani ili kisishuke kwa kishindo. Kazi hiyo yaweza kuchukua siku nzima mahali ambapo mnunuzi angetumia nusu saa. Hiyo ndiyo sababu ya bei, na mtu asimwite fundi mwizi kabla ya kumtazama akiwa kule juu.

Kujua kama nafasi iko si elimu kubwa. Mtoto wa darasa la sita aweza kupima. Achukue fimbo iliyonyooka, ambayo urefu wake ni sawa na umbali wa kutoka jichoni mwake hata ngumi akinyosha mkono. Aishike wima kwa mwisho wake wa chini, mkono umenyoshwa, kisha arudi nyuma polepole katika ardhi tambarare mpaka ncha ya juu ilingane na kilele cha mti, na ngumi ilingane na mguu wa shina. Pale aliposimama ndipo kilele kitakapofika mti ukianguka upande wake. Ikiwa nyumba, zizi, tangi la maji au nyaya ziko ndani ya umbali huo, mti huo ni wa fundi. Na ikiwa matawi yamekwisha kugusa au kukaribia nyaya za umeme, hata fundi asipande. Iitwe kampuni ya umeme kwanza.

Nimeulizwa jinsi ya kumjua fundi, maana siku hizi kila mwenye pawasoo hujiita fundi. Usimwulize amefanya kazi miaka mingapi. Mwulize boma tatu za mwisho alizokata miti, uende ukaone kwa macho yako na kuongea na mama wa nyumba, kwa sababu yeye ndiye anayejua kama matawi yalichukuliwa au yaliachwa juu ya kabichi. Tazama kama ana kofia ngumu, mshipi na kamba nene zisizo na mafundo. Kisha andikeni mapatano, hata kama ni katika ukurasa wa daftari la shule, mbele ya mashahidi wawili: bei yote, magogo ni ya nani, matawi yataondolewa na nani, na mabati yakivunjika nani atalipa. Umlipe sehemu kazi ikianza na iliyobaki kazi ikiisha. Mwulize pia habari za bima ya watu wake. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini ya mwaka wa 2007 huweka mzigo wa fidia juu ya mwajiri, na mtu anayewaokota vijana sokoni kwa malipo ya siku aweza kujikuta yeye mwenyewe ndiye anayeitwa mwajiri.

Bila shaka wengine watasema pesa ziko wapi. Karo inangoja, na malipo ya maziwa yana kazi nyingine. Ni kweli, lakini nadhani tunahesabu vibaya. Ukimlipa fundi, magogo hubaki kuwa yako, na baada ya hapo waweza kumwita mnunuzi aje anunue magogo yaliyolala chini, mahali pasipo na hatari kwa mtu. Tena kwa nini kila mmoja amwite fundi peke yake? Gharama kubwa ni kumleta yeye na watu wake na vyombo vyao. Majirani watano wenye mti mmoja mmoja wakipatana, watapata bei ambayo mtu mmoja hawezi kuipata. Vyama vyetu vya ushirika vinajua kukusanya maziwa ya watu mia na kuyauza pamoja; sioni kwa nini vishindwe kukusanya miti kumi ya hatari na kuitafutia fundi mmoja. Wakati unaofaa ni Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu na ngumu, kabla ya mvua kubwa za Machi hadi Mei kuilegeza mizizi. Kabla ya kukata, mwenye mti amwone chifu na afisa wa misitu wa karibu, na asipakie mbao au magogo katika lori bila kibali cha kusafirisha.

Wala si kila mti wa karibu na nyumba ni wa kukatwa. Fundi mwema mara nyingine atakuambia uuache, apunguze matawi makavu tu, nawe utabaki na kinga ya upepo. Lakini akisema atakata kichwa cha mti ili uwe mfupi, umkatalie. Mkaratusi uliokatwa kichwa huchipua matawi mapya yaliyoshikamana na ganda tu, na baada ya miaka michache hayo ndiyo huanguka kwanza.

Kisiki cha saipresi hakichipui. Kiache kioze, wala usichimbe mizizi iliyoingia chini ya msingi wa nyumba. Kisiki cha mkaratusi huchipua. Usipotaka mti mwingine mahali pale, vunja machipukizi kila yatokeapo, yangali laini, mpaka kisiki kichoke. Ukitaka miti ya fensi, acha machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, uyavune yakiwa bado membamba.