Chujio la Serikali Halifiki Kwenye Simu ya Mama

Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Sasa kamati ya kitaifa inaweza kuagiza tovuti zinazoeneza ponografia ya watoto, ugaidi au itikadi kali za dini zifungwe. Nani ataamua itikadi ipi ni kali? Hilo linanitia wasiwasi, lakini tovuti za ponografia ya watoto zifungwe hata leo. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba zikifungwa, watoto wa huku Kipkelion, Kaunti ya Kericho, watakuwa salama.

Nyumba nyingi huku zina simu moja tu ya intaneti, nayo ni ya mama. Msimu wa kahawa mama yuko shambani, simu imebaki na binti wa Gredi ya 7 anayesema anafanya kazi ya shule. Ujumbe unaingia Facebook: "Mambo mrembo." Baada ya siku chache wamehamia WhatsApp. Anatumiwa bando, kisha anaombwa picha, na akishaituma vitisho vinaanza. Hakuna tovuti iliyofunguliwa hapo ya kuzuiwa, na mazungumzo ya WhatsApp hata kampuni ya simu haiwezi kuyasoma.

Na anayemwandikia huenda si mgeni: utafiti wa ECPAT, INTERPOL na UNICEF wa 2021 ulionyesha kwamba nchini Kenya mara nyingi anayemdhulumu mtoto mtandaoni ni mtu anayemfahamu, na kwamba ni watoto wachache mno wanaoripoti polisi au kupiga simu ya msaada.

Kuhusu kufunga, tulishaona. Programu ya Telegram ilipozimwa wakati wa mtihani wa KCSE, Novemba 2024, watu walipakua VPN, programu za kukwepa vizuizi, wakaendelea na shughuli zao.

Fedha na nguvu ziende kwenye mafunzo, tena yaanze na wazazi: kwenye baraza la chifu na mikutano ya shule, kwa Kikipsigis. Binti yule hasemi kwa sababu anajua atachapwa na simu itafichwa, na mtu anayemtishia anategemea woga huohuo. Mzazi afundishwe kumsikiliza kwanza bila kiboko, kisha apige 116, simu ya msaada kwa watoto, ambayo ni bure usiku na mchana. Na mazungumzo yale, hata yawe ya aibu kiasi gani, asiyafute: ndiyo ushahidi polisi watakaouhitaji.