Mtengeneza programu, anza kwa kuuza

Siku hizi vijana wengi wanaojua kutengeneza programu za simu na kompyuta hawataki tena kuajiriwa. Wanataka kampuni zao. Nia ni njema. Tatizo ni pale wanapoanzia: wanajifungia na kompyuta miezi kadhaa, wanaipamba programu, ndipo wanatoka kutafuta wa kuinunua. Nadhani mpangilio huo ni wa kupinduliwa. Fundi anayeanzisha kampuni ameshika kazi nyingine kabisa, na kazi hiyo huanzia kwa mteja.

Ushahidi tunatembea nao mfukoni. M-Pesa haikubuniwa kwa ajili ya kutumiana pesa. Jaribio lake nchini Kenya, lililoanza mwaka 2005 chini ya kampuni za simu za Vodafone na Safaricom pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, lililenga wakopaji wapokee na kurejesha mikopo kwa simu. Taasisi ilipata tabu kuoanisha mfumo huo na hesabu zake. Wakopaji nao wakauchukua kwa shughuli zao: huyu anamlipia mwenzake rejesho, yule anamrushia ndugu aliye mbali. Waendeshaji waliyaona hayo kwa kuwa walikuwa karibu na watumiaji, wakaiweka mikopo kando, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Wangebaki ofisini wakinoa sehemu ya mikopo, pengine tungekuwa na programu safi isiyo na mtu.

Atasema mtu: utauzaje kisichokuwepo? Mwaka 1975 Bill Gates na Paul Allen, wote mafundi wa programu, waliieleza kampuni ya MITS ya Marekani kuwa wana lugha ya BASIC kwa ajili ya kompyuta ya Altair, ilhali walikuwa hawajaiandika. Walipoona inatakiwa ndipo wakakesha. Uongo wao siutetei. Mteja aambiwe wazi kwamba kitu bado kinatengenezwa. Lakini kwa kutafuta mnunuzi kwanza, hawakukosea.

Lipo pingamizi zito zaidi: kwamba fundi atafute mwenzake mwenye mdomo wa biashara, yeye abaki na mashine. Mwenza wa namna hiyo ni hazina, ila maneno ya mteja hupungua njiani. Tuseme programu yako ni ya maduka: muuzaji atarudi na taarifa kwamba mama mwenye duka anataka “kitu rahisi”. Simama mwenyewe dukani hapo jioni: wateja watatu wanasubiri, mkono mmoja unahesabu chenji, daftari la madeni limefunguliwa kando ya mizani. Mama huyu hana nafasi ya kuingiza kila kilo ya sukari kwenye simu. Anachotaka kujua ni nani anadaiwa, kiasi gani, tangu lini. Hapo umejiepusha na kuandika nusu ya programu uliyokusudia, na hakuna mjumbe ambaye angekuletea habari hiyo ikiwa kamili.

Kazi hii ya kuuliza na kuuza inawezekana jioni na Jumamosi, mshahara ukiendelea kuingia. Kwa hiyo kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, tafuta watu watano watakaokulipa fedha, maana pongezi hazilipi pango. Ukiwakosa, badili wazo, na ajira yako usiiache.