Msinihesabie Binamu Yangu

Mwaka jana nilitengeneza orodha ambayo leo naionea aibu. Naandika haya kwa sababu najua wapo wengine wanaoitengeneza upya hivi sasa.

Ilianza uwanjani. Kuna kaka mmoja tunacheza naye kikapu jioni pale Kidongo Chekundu, mtu mzima kidogo, anajuana na watu. Aliposikia nasoma uzamili wa takwimu aliniita pembeni tukivua viatu. "Dogo, wewe si mtu wa namba? Tutafutie Watanzania wote wanaocheza nje. Sudan Kusini walikusanya watoto wao wa nje wakaenda Olimpiki. Sisi tunashindwa nini?"

Swali tamu hilo. Nilirudi nalo hosteli, na kwa wiki mbili nilikesha nikipitia vikosi vya vyuo na shule za Marekani na klabu za madaraja ya chini za Ulaya, nikiwinda majina ya ukoo. Mushi. Massawe. Mwakalinga. Kila nilipokutana na Mchaga wa futi sita na nusu katika chuo ambacho hata Wamarekani wenyewe hawakijui, nilipiga kelele mpaka mwenzangu wa chumba akaamka. Sikujiuliza kama kijana huyo anaijua Tanzania zaidi ya ile picha ya Kilimanjaro sebuleni kwa baba yake. Nilijaza urefu, uzito, umri, nafasi anayocheza. Mwishoni, ili orodha inenepe, nikamweka na binamu yangu, mtoto wa shangazi: miaka 15, kazaliwa Marekani, yuko huko huko, na akipita mlango wa jikoni kwao anainama.

Kaka aliisoma kwenye simu yake, akatikisa kichwa kwa furaha. "Hii ni timu kabisa."

Haikuwa timu. Ilikuwa sensa, tena sensa mbovu. Hata makarani wa sensa hubisha hodi.

Nasema bila kupepesa: namna tunavyowapima wachezaji wa nje kabla ya mashindano ya kufuzu ni upuuzi. Tunapima jina la ligi. Yuko NBA? Mweke juu. Yuko chuo kikubwa? Wa pili. Yuko Australia, Misri au China? Huyo wa kujazia. Aliyebaki Upanga hatumtaji kabisa, kana kwamba kubaki nyumbani ni ushahidi kwamba hajui.

Anayeuamini mpango huo aitazame Nigeria ya 2021. Kikosi cha wanaume kilichokwenda Tokyo kilikuwa na wachezaji wanane wa NBA, na kocha wao, Mike Brown, alikuwa mtu wa NBA pia. Tarehe 10 Julai, kule Las Vegas, waliifunga Marekani 90 kwa 87 katika mechi ya kirafiki. Nakumbuka tulivyotamba, utadhani sisi ndio tuliofunga. Wiki chache baadaye Olimpiki yenyewe ikaanza: wakafungwa na Australia, wakafungwa na Ujerumani, wakafungwa na Italia, wakapanda ndege. Kombe la Dunia la 2023 hawakulifikia. Na hapo katikati, mwaka 2022, serikali yao ilitangaza kuiondoa nchi kwenye kikapu cha kimataifa kwa miaka miwili kwa sababu ya ugomvi wa uongozi, kisha ikabadili mawazo baada ya wiki chache, wakati nafasi ya wanawake wao kwenye Kombe la Dunia imeshakwenda kwa Mali.

Wanawake hao hao ndio wanaoniharibia kabisa hesabu ya majina. D'Tigress nao wengi wamekulia Marekani. Ukiziweka orodha mbili za Nigeria mezani, ya kaka zao ndiyo inayong'aa. Lakini Paris 2024 dada ndio waliozifunga Australia na Kanada na kuingia robo fainali, timu ya kwanza ya kikapu ya Afrika kufika hapo, ya wanaume au ya wanawake. Nchi moja, diaspora ile ile. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba dada wamekuwa wakirudi: walitwaa ubingwa wa Afrika 2017, wakautwaa 2019, 2021 na 2023. Ukicheza na mtu mashindano manne unajua anapenda pasi ifike kiunoni au kifuani. Jambo kama hilo halikuwa na safu kwenye jedwali langu.

Halafu Sudan Kusini, inayotajwa kila kona na kusomwa vibaya kila kona. Watu wanakumbuka usiku mmoja tu, Julai 20, 2024, London, Marekani ilipoponea kwenye tundu la sindano, 101 kwa 100, mpaka LeBron James alipofunga sekunde za mwisho. Mimi niliutazama kwenye kompyuta ya rafiki, tukiwa sita tumebanana kitandani. Lakini usiku ule ulikuwa na miaka nyuma yake. Januari 2020 timu hiyo ilikuja Nairobi kwenye mechi za awali za kuwania AfroBasket, ikafungwa na Kenya. Kocha wake alikuwa Luol Deng, rais wa shirikisho, mchezaji wa zamani wa Chicago Bulls, ambaye pia alikuwa akitoa fedha mfukoni mwake ili watu wasafiri na walale. Walirudi mashindanoni kwa sababu nchi nyingine ilijitoa. Kuanzia hapo walicheza mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2023 wakashinda 11 kati ya 12, bila kucheza nyumbani hata moja, kwa sababu Juba hakukuwa na ukumbi wa ndani unaokubalika.

Sasa jiulize nani alicheza hizo 12. Hapa ndipo wapenda orodha wanapokwama. Raundi nyingine za kufuzu huangukia Novemba na Februari, katikati ya msimu, na NBA haisimami kwa ajili ya mtu. Anayekupeleka kwenye mashindano makubwa mara nyingi si yule utakayempiga picha huko. Ni mtu anayeomba ruhusa kwenye klabu ndogo, anaunganisha ndege tatu, anacheza mechi tatu kwa siku tatu, anarudi na kifundo kilichovimba na kocha aliyenuna. Ukitaka kupima mchezaji wa nje, anzia hapo: Novemba alikuja? Na klabuni kwake anacheza dakika ngapi? Mtu anayeketi benchi NBA miezi minane hajacheza kikapu miezi minane. Ameketi karibu nacho.

Ndiyo maana kikosi cha Sudan Kusini kingechekesha kwenye jedwali langu. Bol Bol, mtoto wa Manute Bol, ndilo jina ambalo kila mtu angeanza nalo. Paris hakuwepo. Waliokuwepo ni kina Marial Shayok, aliyekulia Ottawa na kuigusa NBA kidogo tu, na usiku ule wa London ndiye aliyewatesa Wamarekani kwa mitupo ya mbali. Kina Nuni Omot, ambaye heshima yake kubwa aliipata Cairo, mchezaji bora wa BAL 2023 akiwa na Al Ahly. Na Carlik Jones, Mmarekani wa Cincinnati aliyepewa uraia, akaongoza kwa asisti Kombe zima la Dunia la 2023. Waliifunga China, wakaifunga Ufilipino kwao Manila, wakaifunga Angola, wakawa timu bora ya Afrika na tiketi ya Paris ikawa yao.

Kuna jambo jingine ambalo kaka wa Kidongo Chekundu hakulijua, na mimi nililijua nikiwa nimeshamaliza kazi. Kwa kanuni za FIBA, mchezaji aliyepata uraia wa nchi baada ya kutimiza miaka 16 huhesabiwa kama wa kupewa uraia, na kila timu inaruhusiwa mmoja tu wa aina hiyo. Hata kama baba yake ni wa Moshi, hata kama haki ya uraia alizaliwa nayo, asipoidai kabla ya miaka 16 anaangukia fungu hilo. Carlik Jones ndiye alikuwa "mmoja" wa Sudan Kusini. Nilirudi kwenye orodha yangu nikaanza kuuliza nani alikuwa na pasipoti ya Tanzania kabla ya umri huo. Niliowapata wakanijibu, karibu wote, kwamba hawajawahi kuishika.

Na sheria yetu wenyewe ndiyo inamalizia kazi. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtoto anaweza kuwa nao, lakini akifika miaka 18 anatakiwa kuchagua. Hiyo hadhi maalumu ya Watanzania wa nje inayozungumzwa siku hizi inahusu mambo kama ardhi. Haimpi mtu pasipoti, na bila pasipoti hakuna jezi. Kwa hiyo tunawaita "wetu" watu ambao sheria yetu imeshawafungia mlango, kisha tunakaa vijiweni kuwalaumu kwamba hawana uzalendo. Mimi sioni haya kusema kwamba wasio na uzalendo hapo si wao.

Hasheem Thabeet hakutoka kwenye orodha ya mtu. Alisoma Makongo, akaanza kikapu akiwa ameshakuwa kijana mrefu wa Dar, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kuingia NBA, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Tumemgeuza hadithi ya aliyefeli Marekani. Kwangu yeye ni ushahidi kwamba kilichokuwa hapa kilitosha kuanzia. Khaman Maluach naye, aliyekuwa na miaka 17 pale Paris, hakulelewa Toronto wala Melbourne. Alikulia Kawempe, Kampala, akaanza kikapu akiwa na miaka 13 hivi, kisha akapelekwa kwenye akademia ya NBA kule Senegal. "Nje" ya Sudan Kusini ilikuwa kwa majirani zetu, kwenye viwanja vya sementi kama vyetu. Aprili 2025, Marekani ilipotangaza kufuta viza zote za wenye pasipoti za Sudan Kusini, Maluach alikuwa San Antonio akiichezea Duke nusu fainali ya vyuo. Nililala nikimfikiria: kijana wa miaka 18 anayeingia uwanjani bila kujua pasipoti yake imebaki na thamani gani. Kwenye jedwali langu angekuwa mstari mmoja, urefu sentimita 218.

Shangazi alinipigia Jumapili moja.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nasikia umemwandika mtoto wangu mahali."

Nilimweleza. Nilimwambia habari ya miaka 16, kwamba kama tunataka mlango ubaki wazi inabidi fomu zianze sasa. Alinyamaza kidogo. Yeye ni muuguzi, anafanya zamu za usiku, hana maneno mengi.

"Akifika 18 mtamwambia achague. Achague nini? Kwa hiyo nimvue pasipoti aliyozaliwa nayo ili akakae benchi lenu?"

Nikasema sheria inaweza kubadilika.

"Tangu naondoka nasikia hivyo. Na akivunjika goti huko kambini, bima ya nani?"

Sikuwa na jibu, na wala sikujaribu kulitunga. Nimeshaona jinsi wachezaji wa hapa hapa wanavyouguza magoti yao kwa michango ya marafiki. Nikamwomba niongee na mwenyewe. Binamu yangu anasikia Kiswahili chote lakini anakiongea kwa kukichunguza, kama mtu anayetembea juu ya mawe mtoni. Akaniuliza mechi ni miezi gani. Nikamwambia nyingine ni Novemba.

"Novemba nina shule, kaka," alisema. Kisha, baada ya muda: "Lakini nikija, nitakutana na wanaocheza hapo? Wale wa kwenye video zako?"

Alikuwa anazungumzia video ninazomtumia za jioni pale Kidongo Chekundu, za vijana wanaocheza na viatu vya kuazimana, wakipokezana wanapotoka na kuingia. Nikamwambia ndiyo, atakutana nao. Nilipokata simu niligundua kwamba katika wiki zote mbili za kutafuta wachezaji sikuwa nimeandika jina la hata mmoja wao, na ninacheza nao mara nne kwa wiki.

Kaka ameshanitumia ujumbe mara mbili mwezi huu. Kombe la Dunia la 2027 ni Qatar, Los Angeles ni 2028, anataka orodha mpya, "safari hii ongeza na Uarabuni." Sijamjibu. Jina la binamu nimelifuta. Nimeanza jedwali jingine, la wanaocheza hapa: nani anakuja kila siku, nani ana maumivu na hasemi, nani ana miaka 14 na anaweza kupiga pasi bila kutazama. Fomu za pasipoti bado ziko mezani kwangu, chini ya kikombe. Binamu anatimiza miaka 16 mwezi wa tatu, na shangazi hajasema hapana.